Muziki wa asili, kutoka Bristol hadi visima vya Wajir

Mwaka 1927 mtayarishaji wa santuri wa Marekani, Ralph Peer, alifunga mitambo yake katika mji mdogo wa Bristol, Tennessee, akaita waimbaji wa sehemu zile. Miongoni mwa waliofika ni familia ya Carter kutoka milima ya Virginia na Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyewahi kufanya kazi ya reli. Santuri zao zikaueneza muziki wa kantri.

Kantri ni tawi moja tu la muziki wa asili wa Marekani. Kuna bluzi na gospeli za Wamarekani weusi, nyimbo za Wafaransa wa Louisiana na ngoma za wenyeji wa kwanza wa bara lile. Banjo yenyewe ilitokana na ala za watumwa kutoka Afrika. Nyimbo hizi zote zililelewa na watu wa kawaida, mashambani, relini na makanisani, wakirithishana kwa kusikia.

Kwa kipimo hicho, kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, zina hazina kubwa.

Wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kunywesha ngamia: wimbo wa kuwakaribisha mifugo kisimani, wa kuteka maji, wa kuwasifu wakishakunywa. Wimbo ndio unaopanga mikono ya wavutaji, ndoo ipande na kushuka bila kusita. Wanawake nao wana nyimbo za kusukasuka maziwa na za kusuka mikeka ya nyumba.

Harusini hutawala buraanbur, ushairi wa wanawake. Mmoja hughani, wenzake hupiga ngoma na makofi, na anayeguswa na maneno huingia katikati kucheza. Kwenye dhaanto, ngoma inayopendwa sana na watu wa ukoo wa Ogaden, walio wengi Garissa, wavulana na wasichana hujipanga kwa safu, wakiimba kwa kupokezana huku miguu ikigonga ardhi kwa mwendo wa ngamia.

Ushairi huu una sheria kali. Mshairi wa Kiswahili huweka vina katikati na mwisho wa mshororo. Mwenzake wa Kisomali huchagua sauti moja, tuseme b, na kila mstari hadi mwisho wa utungo sharti uwe na neno linaloanza na sauti hiyo. Hivyo ndivyo mashairi marefu yalivyohifadhiwa kichwani, kwa kuwa Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi 1972.

Katika miaka ya 1940 dereva wa lori, Abdi Sinimo, alianzisha balwo, nyimbo fupi za mapenzi. Abdullahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi, akazitia ala ya udi nyimbo za Kisomali. Redio za Hargeisa na Mogadishu zikazisambaza. Vita vya Somalia vilipowakimbiza watu mwaka 1991, kambi za Dadaab zikafunguliwa Garissa, na nyimbo za Mogadishu zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi.

Muziki wa Marekani nao ulikuwa umeshafika Kenya. Santuri za Jimmie Rodgers ziliwavutia Wakipsigis hata wakamtungia wimbo wao, Chemirocha, ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1950. Bila mashine ya Tracey, wimbo huo usingejulikana nje ya vilima vya Kericho.

Kurekodi ndilo jambo linalohitajika Garissa leo. Shirika la Ketebul Music la Nairobi limekwisha kuonyesha njia kwa kurekodi Gargar, kikundi cha wanawake wa Kisomali wa Garissa. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio zilifukiwa ardhini zisiangamie, na leo zinasikika tena. Nyimbo za kisimani hazina kanda za kufukia. Pampu ya dizeli inayovuta maji haihitaji mwimbaji, na kijana aliyekulia mjini Garissa huenda asisikie hata wimbo mmoja.

Vifaa havikosekani tena, kwani simu ya kawaida inatosha. Shule, vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kisomali na serikali za kaunti zinaweza kuwatuma vijana kwa wazee wa Modogashe, Ijara na Habaswein, wakarekodi nyimbo za maziwa, mikeka na ngamia, kisha wakaandika pembeni jina la mwimbaji, kisima chake na aliyemfundisha.