Mmisionari wa Ufipa ni nani?

Mwaka 1998, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomteua Askofu Mkuu Polycarp Pengo kuwa Kardinali, magazeti yalimtaja kama mchungaji wa Dar es Salaam. Ndivyo alivyokuwa, lakini safari yake ilianzia Mwazye, kijiji cha uwanda wa juu wa Ufipa alikozaliwa mwaka 1944. Akiwa padre wa Jimbo la Sumbawanga, aliteuliwa mwaka 1983 kuwa Askofu wa Nachingwea, upande wa pili wa nchi, kwa watu wasio wa kabila lake na wasioijua lugha ya mama yake. Mtu anayetoka kwao akaenda kulihudumia Kanisa la watu wengine ni mmisionari. Hata hivyo, likitajwa neno hilo wengi wetu bado tunamwona Mzungu mwenye ndevu ndefu na kanzu nyeupe. Picha hiyo inawapotosha wanaowasifu wamisionari na wanaowalaani pia, kwa sababu pande zote mbili zinamwachia mgeni kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na wenyeji.

Wageni walikuwapo, na mchango wao haufichiki. Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Mwaka 1885 wamisionari wake walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji iliyokuwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kutoka mwambao huo misheni zikaenea hadi uwanda wa juu. Lavigerie aliwaagiza watu wake wajifunze lugha ya wenyeji, wale chakula chao, na wasimbatize mtu mzima kabla hajapitia mafundisho ya miaka minne hivi. Sharti hilo la mwisho lilikuwa na matokeo makubwa. Mapadre walikuwa wachache, vijiji vimetawanyika na njia za kupanda kutoka ziwani ni za kuchosha. Nani basi angekaa na watu miaka minne, akiwafundisha sala jioni baada ya shamba? Alikaa katekista, mwenye mke na watoto, jirani anayejulikana kwa jina.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria na kusomeshwa uganga wa kisasa Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa huko, akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Mapadre walikuja na kuondoka, wengine wakafa kwa homa. Atiman alibaki zaidi ya miaka 60. Mwanawe Joseph akawa padre. Kwa hiyo tangu kizazi cha kwanza, mmisionari wa pande hizi alikuwa Mwafrika aliyetoka mbali, akatia mizizi.

Wala Wafipa hawakuwa watu waliokaa wakisubiri kujazwa. Walikuwa na falme zao za Nkansi na Lyangalile, walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo, na walilima kwa matuta ya kufukia majani yanayorutubisha ardhi. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake kuhusu familia za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki, anaonyesha jinsi wazazi walivyoipokea misheni kwa mantiki yao wenyewe. Desturi iliruhusu watoto waliokua kidogo kulala nje ya nyumba ya wazazi na kulelewa na watu wengine wa ukoo, kwa hiyo bweni la misheni halikuwa jambo geni kabisa. Familia zilipima faida na hasara, zikaamua.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapokuja: misheni haikuwa mkono wa ukoloni? Sehemu ya shutuma hiyo ni ya kweli. Karema ilianza kama ngome yenye bunduki. Watoto waliokombolewa utumwani na kukuzwa misheni hawakuwa na nafasi ya kuchagua dini, na mila nyingi zilihukumiwa kabla ya kueleweka. Kanisa lenyewe liliona hatari hiyo: katika barua yake ya mwaka 1919 kuhusu umisionari, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwakaripia wamisionari waliotanguliza maslahi ya mataifa yao, akadai waandaliwe mapadre wazawa. Lakini anayesema Wafipa walidanganywa tu anawadharau kuliko mkoloni alivyowadharau. Bendera ya Mjerumani iliteremshwa, ya Mwingereza ikateremshwa, na imani ikazidi kukua mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewalazimisha tena.

Teolojia nayo imefika hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa ni la kimisionari kwa asili yake, maana chanzo cha utume ni Mungu Baba anayemtuma Mwana na Roho. Kama ndivyo, hakuna nchi ya kutuma daima na nyingine ya kupokea daima. Mwaka 1969, akiwa Kampala, Papa Paulo wa Sita aliwaambia Waafrika kuwa sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe. Mwaka huohuo Jimbo la Karema likawa Jimbo la Sumbawanga, likiongozwa na Askofu Charles Msakila, aliyekuwa ameteuliwa tangu 1958. Waprotestanti walikuwa na mjadala wao. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya aliyataka makanisa ya Magharibi yasimamishe kwa muda kutuma watu na fedha, ili Afrika ijifunze kusimama. Wengi walikasirika, ila swali lake lilikuwa la haki. Wamoraviani wameshatoa jibu la aina yake: leo Tanzania ina waumini wengi wa kanisa hilo kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Wapo wanaosema imani ya Ufipa haina kina, kwa kuwa hofu ya uchawi haijaondoka. Mwaka 1963 na 1964, baada ya miongo ya ubatizo, harakati ya Kamcape ya kusaka wachawi ilipita vijijini, na mwanaanthropolojia Roy Willis akaiandika. Hadi leo Sumbawanga inatajwa kwa mzaha nchi nzima kama mji wa wachawi; ni mzaha wa kuwaonea watu, lakini shutuma za uchawi zina madhara ya kweli, hasa kwa bibi wazee. Naona hili ni ushahidi wa kazi iliyobaki. Mtoto akifa ghafla, familia inauliza nani amemuua, na katekisimu iliyokaririwa haitoshi kuijibu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970, walifungua mlango sahihi: majirani wanaosoma Injili pamoja ndio wanaoweza kumkingia mwanamke mzee kabla fununu haijawa kundi lenye mapanga. Kazi hiyo haifanywi na mtu wa kupita.

Leo mapadre wa Tanzania wanahudumia parokia za Ujerumani, Italia na Marekani. Wengine wanauliza, kwa nini tutume wakati vigango vyetu havina padre? Hesabu ni ngumu, lakini Kanisa linalosubiri litosheke ndipo litume halitatuma kamwe. Ninachodai ni kwamba asiyetumwa asisahaulike. Tazama kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili rimu ya gari iliyotundikwa mtini inagongwa, katekista anaongoza ibada bila padre, anahubiri, anatangaza ndoa, anapokea sadaka ya sarafu na debe la maharage. Alasiri anawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kumtembelea mgonjwa. Jumatatu yuko shambani kwake, kwani posho haimlishi. Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa rasmi katika Kanisa zima mwaka 2021, lakini urasmi haununui baiskeli wala haulipi ada ya chuo cha makatekista. Fedha hizo zinapaswa kutoka kwanza kwa waumini wa parokia yenyewe, ziingizwe katika bajeti na kusomwa hadharani pamoja na gharama za ujenzi wa kanisa jipya. Na jimbo linapokubaliana na jimbo la Ulaya juu ya padre wa kwenda huko, katekista atakayebeba mzigo wa padre huyo awe sehemu ya makubaliano.