Kobe wa maji kwenye beseni anakuambia nini?

Mvua za kwanza zikinyesha Mpanda, Novemba hivi, kobe wa maji huanza kuonekana sehemu ambazo wiki iliyopita zilikuwa vumbi tupu: kwenye mitaro, madimbwi ya barabarani, majaruba ya mpunga. Watoto wanamwokota, anawekwa kwenye beseni, anapewa jina na kipande cha ugali. Miezi michache baadaye gamba limelainika, macho yamevimba, na nyumba nzima haielewi tatizo ni nini, maana "alikuwa anacheza vizuri tu".

Sasa leo tuuangalie huo mchezo. Kobe halii kama mbwa wala hanuni kama mtoto. Anachosema anakisema kwa mwili, na ukijifunza kuusoma utaona kwamba mengi tunayoyaita michezo ni kitu kingine kabisa.

Kwanza, ni nani huyu?

Siyo kobe wa nchi kavu, na siyo kasa wa baharini. Kobe wa maji baridi wenye gamba gumu tulio nao Tanzania wako katika makundi mawili: Pelomedusa na Pelusios. Wote hawarudishi shingo ndani moja kwa moja; wanaikunja pembeni, chini ya ukingo wa gamba. Ukitaka kuwatofautisha, angalia gamba la tumboni. Pelusios ana bawaba pale mbele, anafunga kama mlango. Pelomedusa hana.

Pelusios hupatikana hata kwenye maji makubwa kama Ziwa Tanganyika. Pelomedusa ndiye bingwa wa madimbwi ya msimu, kwa hiyo huyo wa kwenye mtaro mara nyingi ni yeye. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vinasaba walionyesha kwamba aliyedhaniwa kuwa spishi moja Afrika nzima ni spishi nyingi, na mmoja kutoka Tanzania akapewa jina Pelomedusa kobe. Ndiyo, ni neno letu la Kiswahili.

Maisha yake yanaendeshwa na msimu

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Ukifika Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwezi wa Septemba au Oktoba utaona Mto Katuma umebaki vidimbwi, viboko wamebanana kwenye tope, na mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo za mto. Pelomedusa naye ana mbinu yake. Dimbwi linapokauka, anajichimbia ardhini, anapunguza kasi ya mwili, hali, na anasubiri. Mvua ikirudi anatoka na kutembea nchi kavu kutafuta maji mapya.

Kwa hiyo yule uliyemkuta anavuka barabara hakupotea. Alikuwa safarini.

Tumsome sasa

*Anakwaruza ukuta wa beseni kutwa nzima.* Hapo hachezi. Mnyama aliyeumbwa kuhama kutoka dimbwi hadi dimbwi anatafuta njia ya kutoka, na ukuta laini wa plastiki haumpi jibu.

*Anapanda juu ya jiwe, ananyoosha shingo na miguu.* Anaota jua. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kama wetu, hivyo huliazima juani ili chakula kisagike. Pia mionzi ya jua inamsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu ya kwenye chakula haimfaidii. Gamba ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Kalsiamu ikikosekana, gamba linalainika. Na jua la kupitia kioo cha dirisha halitoshi, maana kioo kinazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

*Anakuja mbio ukikaribia.* Amejifunza kwamba wewe unaleta chakula. Ni akili kweli, ila usiichukulie kuwa mapenzi.

*Anakunja shingo na kutoa harufu kali ukimshika.* Anaogopa. Hiyo harufu ni silaha yake dhidi ya wanaomla, na kwa sekunde hiyo wewe ni mmoja wao.

*Ameacha kula.* Hapa kuwa makini. Kiangazi inaweza kuwa ni msimu tu. Lakini akielea upande mmoja, akitoa mapovu puani, akipumua mdomo wazi au macho yakivimba, huyo ni mgonjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na akitulia kabisa, usikimbilie kumzika eti amekufa. Kobe aliyepoa huwa kama jiwe.

Ugali hapana

Pelomedusa ni mlaji wa nyama zaidi: viluwiluwi, konokono, wadudu, nyungunyungu, samaki wadogo pamoja na mifupa yao. Ugali na mkate vinamshibisha bila kumjenga. Analia chakula majini, na humo humo anajisaidia. Uchafu huo unageuka amonia, inayochoma macho na ngozi. Ndoo ya maji ikionekana safi haimaanishi ni salama. Kwenye chombo kidogo maji yanabadilishwa mara kwa mara. Chombo kiwe na kina cha kuogelea, sehemu kavu ya kupanda, jua upande mmoja na kivuli upande mwingine. Beseni la maji kidogo juani saa sita mchana linageuka sufuria.

Kuhusu wewe na sheria

Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua. Osha mikono kwa sabuni, usimwage maji yake jikoni, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike.

Halafu kuna kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kukamata au kumiliki mnyamapori, na kobe wa mtaroni ni mnyamapori. Ndani ya hifadhi ndiyo kabisa, usiguse.

Basi ukimkuta barabarani, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, umwache. Kama yuko nyumbani tangu juzi, mrudishe pale pale alipookotwa, siyo kwenye bwawa lolote lililo karibu. Kama amekaa miezi, au amechanganywa na wanyama wengine, usimwachie kimya kimya. Anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake. Ongea kwanza na ofisa wanyamapori wa wilaya. Na mtoto akilia kwa kunyang'anywa rafiki, mpeleke kwenye dimbwi asubuhi jua likichomoza, mkae kimya mbali kidogo. Atawaona wakipanda kwenye magogo kuota jua, na safari hii atajua wanafanya nini.