Pima Kwanza, Uza Baadaye: Kwa Wenzangu Mnaouza na Kufunga Redio za Magari

Leo naongea na wale wa redio, spika na urembo wa magari.

Mteja anaingia, anasema "redio imekufa." Wengi wetu hapo hapo tunashusha ile ya Android ya inchi 9 kutoka kwenye shelfu. Analipa, tunafunga, anaondoka. Baada ya siku tatu anarudi na tatizo lile lile. Umeuza redio moja, lakini umepoteza mteja pamoja na wote atakaowasimulia.

Mimi sikupita VETA, kazi nimejifunzia hapa hapa dukani, kwa hiyo naeleza kwa lugha ya kawaida. Hivi ndivyo ninavyopima.

1. ULIZA KABLA YA KUFUNGUA DASHIBODI

Maswali matatu yanatosha. Tatizo lilianza lini? Betri ilitolewa au kubadilishwa karibuni? Kuna kitu kimefungwa hivi karibuni, kama alamu, kamera au chaja?

Swali la betri ndiyo la muhimu zaidi kwa hizi Toyota zetu kutoka Japani. Redio zake nyingi zenye ramani, betri ikitolewa tu, zinajifunga na kudai kodi. Ukiona neno ERC kwenye skrini, redio ni nzima, inataka kufunguliwa tu. Nyingine zinadai kadi ya ramani. Ile SD kadi usiifute ukaweka miziki, maana bila ramani yake redio inaweza kugoma kabisa.

Maandishi ya Kijapani yasikutishe. Fungua Google Translate kwenye simu, elekeza kamera kwenye skrini, utasoma inachosema.

2. JUA KISICHO UBOVU

"Redio haishiki stesheni." Japani FM yao inaanzia 76 mpaka 90, na redio mpya zaidi zinafika 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo mteja anapata mbili tatu za chini, zingine hazipo. Dawa yake ni kile kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, bei yake hailingani hata kidogo na redio mpya.

"Ramani haioneshi Dar." Haiwezi kuonesha, ndani kuna ramani ya Japani tu. Mwambie ukweli: atumie simu, au kama anataka skrini kubwa ndiyo mzungumzie redio ya Android. Ukimuuzia kwa ukweli, atakuamini na siku nyingine.

3. REDIO HAIWAKI

Anza na fyuzi, ya kwenye boksi la gari na ile ya mgongoni mwa redio. Kwenye baadhi ya magari, redio na tundu la kuchajia simu vinatumia fyuzi moja. Chaja mbovu ikipiga shoti, redio nayo inazima. Weka fyuzi ya namba ile ile: 10 kwa 10, 15 kwa 15. Usiunge na waya, unaweza kuchoma gari ya mtu.

Halafu chukua multimita. Kwenye redio za dukani waya wa njano uwe na volti 12 muda wote, mwekundu uwe nazo ukizungusha ufunguo tu, mweusi ni ethi. Soketi ya Toyota yenyewe ina rangi tofauti: ya muda wote ni bluu yenye mstari wa njano, ya ufunguo ni kijivu, ethi ni kahawia. Usiamini rangi peke yake, pima, kwa sababu hujui nani aliunga kabla yako.

Redio inasahau stesheni kila ukizima gari? Waya wa njano haupati umeme wa kudumu. Betri inaisha usiku? Angalia kama kuna mtu kaunganisha njano na nyekundu pamoja, hapo redio hailali. Kuthibitisha, zima kila kitu, funga milango, toa ethi ya betri, unga mita katikati kwenye kipimo cha ampia, subiri kama nusu saa. Ikizidi miliampia 50, kuna kitu kinakunywa umeme. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usiwashe gari mita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza.

4. SAUTI

Mlango mmoja kimya? Badilisha waya za spika za kushoto na kulia nyuma ya redio. Ukimya ukihamia mlango mwingine, redio ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, ni spika au waya. Chomoa spika uipime: ya omu 4 inasoma kama 3 mpaka 4. Ikisoma sifuri ina shoti, isiposoma kitu imekatika ndani. Spika ikiwa nzima, chungulia ule mpira unaopitisha waya kwenye bawaba ya mlango. Waya hukatikia hapo kwa kufungua na kufunga.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi ni ethi mbaya, au waya wa sauti umepita pamoja na waya wa umeme wa amplifaya. Kwangua rangi mpaka ufikie chuma, ndiyo ufunge ethi.

5. RAMANI KWENYE REDIO ZA ANDROID

Hapa tenganisha vitu viwili. Kujua gari ilipo ni kazi ya antena na setilaiti, haihitaji bando. Kuchora ramani ndiyo kunahitaji bando, au ramani iliyopakuliwa mapema.

Alikuja dereva mmoja wa taksi za mtandaoni, skrini inamuonesha yuko mtaa mwingine kabisa. Kwingine alikuwa ameambiwa anunue redio mpya. Kwa dereva kama huyo, hiyo ni hela ya siku nyingi barabarani. Nilipofungua, antena ya GPS ilikuwa imefukiwa nyuma ya redio chini ya chuma, imegeukia chini. Nikaipandisha juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, uso ukitazama juu, tukaitoa gari nje ya banda la mabati. Dakika chache ikakaa sawa. Redio yake ile ile anatumia mpaka leo, na madereva wenzake ananiletea yeye.

6. SASA BIASHARA

Toza hela ya kupima. Mimi natoza 10,000, na mteja akitengeneza kwangu naikata kwenye bili. Usipotoza, utalazimika kuuza kitu hata pasipohitajika ili upate chochote, na hapo ndipo uongo unapoanzia.

Kabla hujagusa gari, washa kila kitu mbele ya mteja: AC, vioo, taa, kamera, na taa za onyo kwenye dashi. Piga picha, andika kwenye karatasi, asaini. Bila hivyo, taa ya eabegi iliyokuwa inawaka tangu mwaka jana utalipa wewe.

Ukishapima, muoneshe namba kwenye mita yeye mwenyewe. Mteja akiona kwa macho yake, hata bei habishani sana. Na kama kweli redio imekufa, utamuuzia mpya bila wasiwasi wa kurudishiwa.

Kama kuna ubovu unakusumbua dukani kwako, andika aina ya gari na dalili hapo chini, tusaidiane.