Masafa na Muda wa Safari ya Ndege Baina ya Unguja na Pemba

Safari ya ndege baina ya Unguja na Pemba imezoeleka kuitwa safari ya nusu saa. Kauli hiyo ni sahihi kwa muda ambao ndege huwa angani. Hata hivyo, si kipimo cha kupangia mkutano, wala miadi ya mgonjwa hospitalini. Ni vyema wafanyakazi wa Serikali na wananchi wakaelewa hesabu hiyo inavyopatikana.

Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, Unguja, kipo nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya Ikweta. Kiwanja cha Pemba, karibu na mji wa Chake Chake, kipo nyuzi 5 na dakika 15. Tofauti yao ni dakika 58, na kila dakika ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kwa kuwa kiwanja cha Pemba kimesogea pia upande wa mashariki kwa kiasi cha maili 35, masafa ya mstari ulionyooka baina ya viwanja hivyo ni kiasi cha maili 68 za baharini, au kilomita 125.

Ndege ndogo ya abiria inayokwenda kilomita 300 kwa saa hukata masafa hayo kwa dakika 25. Upepo nao una sehemu yake. Wakati wa kaskazi, ndege inayokwenda Pemba hukabiliana na upepo. Wakati wa kusi husukumwa nao. Upepo wa kilomita 30 kwa saa huongeza au hupunguza dakika mbili hadi tatu tu. Pamoja na kuruka na kutua, jumla huwa nusu saa.

Kwa hiyo, sehemu kubwa ya muda wa msafiri hupotea ardhini. Tuseme mtumishi anakwenda Wete kwa ndege ya saa 3:00 asubuhi. Itamlazimu kuondoka nyumbani kabla ya saa 2:00, ili awahi kupimiwa mizigo na kukaguliwa. Atatua saa 3:30, atasubiri mzigo wake, kisha atasafiri kwa gari zaidi ya kilomita 30. Atafika Wete karibu na saa 5:00. Safari ya nusu saa imekuwa ya saa tatu, na mkutano ulioitishwa saa 4:00 umeanza bila yeye. Mvua kubwa za masika zinaweza kuichelewesha ndege zaidi.

Kwa sababu hizo, wanaoitisha mikutano katika kisiwa cha pili wanashauriwa kuhesabu muda kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Mgonjwa mwenye miadi ya asubuhi katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ni vyema asafiri siku moja kabla. Aidha, abiria wote waulize mapema uzito wa mizigo unaoruhusiwa, kwani ndege ndogo hubeba uzito maalumu, na mzigo uliozidi unaweza kubakishwa kiwanjani.