Pishi Moja kwa Wote: Kupima Kuridhika na Maisha



Muuzaji mwenye pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia, tunamwita mwizi. Lakini tunapowauliza watu kama wameridhika na maisha, mara nyingi nasi tunatumia pishi mbili bila kujua.

Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni kuwa mzima wa mwili, wa akili na wa maisha na wenzako. Homa hupimwa kwa kipimajoto. Kuridhika hupimwa kwa kuuliza.

Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Hadley Cantril, alieleza kipimo cha ngazi. Chini kabisa ni 0, maisha mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria; juu kabisa ni 10, maisha bora kuliko yote. Unaulizwa: leo umesimama wapi? Ngazi hiyo imetumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo.

Taabu imo katika maneno. Hapa Zegereni wapo wakulima, na wapo wafanyakazi wa viwandani. Bibi mmoja mgonjwa aliniambia mbele ya mwanawe, "Nimeridhika, mjukuu wangu, namshukuru Mungu." Tulipobaki wawili, alisema tangu juzi hajala akashiba. Hakusema uwongo. Kwake, kuridhika ni kukubali majaliwa. Kwa kijana wa kiwandani, kuridhika ni kupata alichokitaka. Ukilinganisha majibu yao utadhani bibi ana nafuu kuliko kijana, na msaada utampita.

Yapo pia maswali 36 ya afya yaliyotungwa Marekani, yakatafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam miaka ya 1990. Kwa asili, swali moja lataja kucheza gofu. Mlima mihogo atajibu nini?

Basi anayepima afanye hivi:

1. Kwanza awaulize wazee, vijana, wanawake na wanaume wanaelewaje swali. Wakitofautiana, alibadili.
2. Amwulize kila mtu faraghani, kwa maneno yale yale.
3. Asiyesoma apewe korosho kumi ahesabu vipandio vya ngazi.
4. Arudi baada ya wiki mbili. Kama maisha ya mtu hayakubadilika na jibu limebadilika sana, kipimo ni kibovu.

Nawe ndugu, ukiulizwa, usijibu kama unayejibu salamu. "Sijambo" ni adabu njema, lakini haimwonyeshi mganga mwenye njaa.