Meseji ya "Umeshatembea?" ina kazi kuliko unavyodhani



Sisi wa mtandaoni tunakaa mno. Asubuhi unaposti, mchana unajibu inboksi, jioni unafunga mzigo, bodaboda anapeleka. Siku inaisha miguu haijafanya kitu. Presha na sukari hazijali umeuza au hujauza, na ukilazwa wewe, duka nalo limelazwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka haraka kunahesabika. Gawa kwa siku 5, ni dakika 30 tu. Zile hatua 10,000 zisikutishe. Zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua. Ilikuwa biashara, kama yetu.

Sasa nani atakukumbusha? Majirani zetu Kenya walijaribu meseji kwa wagonjwa wa VVU. Utafiti ulitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2010. Kila wiki mgonjwa alitumiwa neno moja: "Mambo?" Anajibu "Sawa" au "Shida". Akisema shida, au akikaa kimya, mhudumu anamfuatilia. Waliotumiwa meseji walizingatia dawa vizuri kuliko wasiotumiwa.

Kumeza dawa siyo kutembea, ila funzo lake unalijua tayari: mteja aliyepoa haamshwi na tangazo refu. Anaamshwa na swali fupi, na mtu anayesubiri jibu.

Fanya hivi:

1. Tafuta muuzaji mwenzako mmoja. Kwenye kundi la watu 200 kila mtu anajificha.
2. Chagueni muda oda zimepoa na jua limepungua, mfano saa 11 jioni.
3. Mtumie: "Vipi, umeshatembea leo?" Ajibu "Tayari" au "Bado". Kesho zamu yake kukuuliza.
4. Akinyamaza, mpigie. Usimseme, muulize kimemkwamisha nini.
5. Anzeni na dakika 10, muongeze taratibu.
6. Mzigo wa karibu peleka kwa miguu. Hela ya boda inabaki, na mteja anakujua sura.

Kama una presha, kifua au magoti yanasumbua, pita zahanati kwanza wakushauri.

Haya, mtaje hapo chini mwenzako mnayeanza naye leo.