Lugha ya Lebo: Maonyesho ya Sanaa na Kumbukumbu za Ukoloni katika Thika na Ruiru

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo watayarishaji wa maonyesho ya sanaa aghalabu huliacha hadi siku ya mwisho, nalo ni maandishi yanayobandikwa kando ya kila kitu kinachoonyeshwa. Eneo tulilolichagua ni Thika na Ruiru, kaskazini-mashariki ya Nairobi. Nje ya Kenya, Thika ilipata umaarufu kwa kitabu cha Elspeth Huxley kilichotoka 1959, yaani kwa macho ya mtoto wa setla. Waliokata mkonge na kuchuma kahawa hawakuwa wasimuliaji. Basi atakayetundika picha au kupanga vyombo katika ukumbi wa Thika hana budi kujiuliza kwanza: lebo hizi anasomewa nani?

Tuchukue kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ikafutwa 1947. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kazi alizofanya na mshahara wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Asiyeandikiwa na mwajiri kwamba ameachishwa kazi hakuweza kwenda kwingine kihalali. Wagĩkũyũ walikiita kibweta hicho mbugi, yaani njuga ya mbuzi. Neno hilo moja lina uhakiki kuliko aya nzima ya mwanahistoria, na ni ajabu kuliacha nje ya lebo. Isitoshe, msomaji kutoka Tanga akiona neno kipande atafikiri juu ya kitu kingine, maana katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kwa hiyo kuandika “Kipande, Kenya” na kuishia hapo hakutoshi hata kwa Mswahili.

Neno la hatari zaidi ni kijiji. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 1,000,000 katika Kiambu, Murang’a, Nyeri na Embu, na kuwaweka katika makazi yaliyolindwa, ambayo mengi yalizungushiwa handaki na miiba. Wakoloni waliyaita makazi hayo vijiji, na Wagĩkũyũ wakayaita ĩcagi. Sasa neno kijiji katika Kiswahili lina joto la jamaa na majirani. Tanzania ililitumia kwa matumaini makubwa enzi za ujamaa. Lebo isemayo “Maisha ya kijijini, 1955” chini ya picha ya wanawake wakichimba handaki inasema uongo bila ya kukosea hata neno moja. Mimi ningependelea kuacha gĩcagi kama kilivyo na kukieleza, hata kama mstari utakuwa mrefu.

Sarufi nayo ina siasa zake. Maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya Taifa Nairobi mwaka 2021, yaliweka makabati matupu ya vioo ili kuonyesha kutokuwepo kwa vitu vya Kenya vilivyo ng’ambo. Orodha iliyokusanywa na mradi huo ilikuwa na vitu zaidi ya 32,000. Katika majumba mengi ya makumbusho kitu cha namna hiyo huandikwa “kilikusanywa”. Kitenzi cha kutendwa humruhusu mtenda atajwe kwa kiungo “na”. Mwandishi asipomtaja, amechagua kutomtaja. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyoko British Museum, haikukusanywa kama kuni. Ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza.

Je, nani aamue maneno? Hapa hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanyika hadharani, na wafanyakazi na wakulima wakawasahihisha Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ juu ya lugha ya wazee na ya viwandani. Serikali ilipiga marufuku mchezo huo baada ya majuma machache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini. Mtayarishaji wa maonyesho anaweza kufanya vivyo hivyo: rasimu za lebo zitundikwe kwanza, na kalamu iachwe kando yake kwa mama aliyechuma kahawa Ruiru na kupimiwa kwa debe. Atayajua mengi yasiyomo katika nyaraka, kwa mfano kwamba mwenye debe ndiye aliyeamua limejaa au halijajaa.

Kahawa yenyewe ingestahili chumba kizima. Kwa miaka mingi Waafrika wa Kiambu walizuiwa kuilima kwa ajili yao wenyewe, hali walikuwa wakiipalilia kwa setla. Kizuizi hicho kililegea katika miaka ya 1950. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, na leo sehemu kubwa ya mashamba ya mji huo imekuwa majumba ya kupanga. Anayetaka kuonyesha mti wa kahawa wa zama za setla afanye haraka, na lebo yake aiandike kwa Gĩkũyũ, Kikamba na Kiswahili, Kiingereza kikifuata mwisho, kwa herufi za ukubwa ule ule.